Mpini wa Mkono wa Kushoto

Siku mama yangu alipoiona bastola yangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga maneno tangu nikiwa garini: kwamba ni bastola ya upepo, ya kulenga karatasi tu, kwamba nina leseni, kwamba kasha la chuma nimelifunga ukutani kwa bolti kama sheria inavyotaka, kwamba hapa Sydney watu huenda kulenga shabaha kama wengine wanavyokwenda kucheza mpira. Mama ametoka Uvira, Kongo. Bunduki anazijua kuliko mimi, na anazijua kutoka upande ule mbaya. Nilitegemea alie, au awaite akina mama wa kanisa waje kukemea pepo sebuleni.

Aliitazama tu. Kisha akautazama mkono wangu, akakunja uso kama mtu aliyefungua maziwa akakuta yamechacha.

"Sasa kwa nini unaishika na ule mukono?" akauliza.

Basi. Hilo ndilo lililomkera. Mwanawe amesimama mbele yake na bastola, na yeye anachokiona ni kwamba ipo mkono wa kushoto. Niliirudisha bastola kwenye kasha, nikafunga, nikaenda chooni nikakaa huko mpaka hasira ikapoa. Haikupoa sana, na sitajifanya imepoa hata ninapoandika.

Mimi ni wa kushoto, nilizaliwa hivyo. Mama aliligundua hilo kabla sijajua kusema, na akalichukua kama jambo la kurekebishwa mapema, kama mguu uliopinda. Kila wakati wa chakula alichukua kipande cha kitenge, akanizungushia kiunoni, akaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni. Hakunipiga. Ningependa kusema kwamba alinipiga, maana kipigo watu wanakielewa na wanakuonea huruma. Alinifunga kwa upole, fundo lisilobana, huku akiimba wimbo wa kanisani, na mimi nikadhani hivyo ndivyo watoto wote wanavyokula. Fimbo niliikuta baadaye shuleni, kwa mwalimu. Nilipofika darasa la pili nilikuwa mtu wa mkono wa kulia kama wenzangu, mwenye mwandiko wa kuku na vikombe vya kumwagika. Mpaka leo nikibeba chai kwa mkono wa kulia, kisahani kinajaa kabla sijafika mezani.

Yote hayo ningeyasamehe, au niseme ningeyasahau, kama nisingezaa. Binti yangu ana miaka minne. Tangu alipoanza kushika vitu, anavishika kwa kushoto: kijiko, mswaki, kalamu ya rangi, sikio la paka wa jirani. Niliona nikafurahi, kisha nikaogopa. Niliogopa kwa sababu mama anaishi nasi hapa Merrylands, kitongoji cha Sydney, na ndiye anayemlea nikiwa kazini. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu zangu hazina mpangilio, na baba wa mtoto yuko Adelaide na maisha yake mapya. Bila mama sina kazi, bila kazi sina nyumba. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi nimeubusu sana.

Hata hivyo nilimwambia. Nilimketisha mezani, nikazima redio.

"Mama, huyu mtoto usimfunge mkono. Aachwe alivyo."

"Nimesikia," akajibu.

Kwetu, mtu mzima akikuambia amesikia, amekuarifu tu kwamba masikio yake hayana shida. Nililijua hilo. Ndiyo maana nikaanza kutafuta njia nyingine ya kumwonyesha kwamba mkono wa kushoto si kilema. Mama haamini maneno. Anaamini kitu anachoweza kukishika, na zaidi kitu ambacho watu wengine wamekipigia makofi.

Klabu ya shabaha niliifikia kikazi. Kulikuwa na mteja mmoja wa kiti cha magurudumu niliyekuwa namsindikiza huko Jumamosi, na wakati yeye akilenga mimi nilikaa nyuma nikinywa chai yao mbaya. Alipohamia kwa dada yake Queensland, mimi nikaendelea kwenda. Sikuwa na pengine pa kwenda ambapo hakuna mtu aliyehitaji nimlishe wala nimwogeshe. Nikafuata masomo yao, nikajaza makaratasi yao, nikasubiri muda wao wote wa kusubiri. Nikaanza kulenga kwa mkono wa kulia, maana ndio niliokuwa nao. Nililenga vibaya mno. Risasi zangu ndogo zilitawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagiwa kuku.

Mkufunzi wetu, mzee aliyestaafu ufundi bomba, alinivumilia wiki kadhaa, kisha akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, niunganishe viganja niache tundu dogo katikati, niitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo. Halafu nifumbe jicho moja, na baadaye lile jingine. Nilipofumba la kulia, saa ilibaki palepale. Nilipofumba la kushoto, saa ikapotea.

"You're a lefty, love," akasema. "Who told you otherwise?"

Nilitamani kumpa jina la mama yangu, pamoja na anwani.

Akanipa bastola ya kufundishia watoto, ndiyo pekee pale klabuni iliyokuwa na mpini mnyoofu usiochagua mkono. Niliinyanyua kwa kushoto. Mkono ambao haukuwahi kufundishwa kazi yoyote ya maana, ambao kwa miaka yote ulikuwa wa kushikia kitu ili wa kulia ufanye, ulipanda ukasimama. Haukutetemeka. Sehemu za kulengea zilikaa zenyewe mbele ya jicho kama zimekuwa zikiningoja. Mzee alipovuta karatasi akaona matundu yamekaribiana, alipiga mluzi. Watu hudhani nilifurahi. Nilikasirika. Nilifikiria vikombe vyote, mwandiko wote, fimbo zote za mwalimu, na nikaona kwamba niliibiwa kitu kizuri na mwizi alikuwa anaimba.

Basi nikanunua bastola yangu, ya mitumba, kutoka kwa mwanachama aliyekuwa anaacha, kwa utaratibu wote unaotakiwa. Ilikuwa nzuri, ila mpini wake ulikuwa wa kulia. Asiyejua mambo haya atauliza tofauti ni nini. Mpini wa bastola ya shabaha huchongwa ufuate kiganja: pana mahali pa kidole gumba, pana mifereji ya vidole, na chini pana kibao cha kuegemeza ukingo wa kiganja. Kuushika kwa mkono mwingine ni kama kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto ukaambiwa ukimbie. Mipini ya kushoto ipo, inatoka Ulaya. Niliiona kwenye simu, nikaona bei yake, nikaifunga simu nikaiweka mezani kifudifudi.

Nikaamua kuuchonga mwenyewe. Na nikaamua pia kwamba nitaupeleka mpini huo kwenye mashindano, na nikirudi na chochote, hata cheti cha karatasi, nitakiweka mbele ya mama, naye atamwacha mtoto. Huo ndio ulikuwa mpango wangu mzima. Nikiueleza sasa unaonekana wa kitoto, lakini wakati ule niliuamini kama watu wanavyoamini bahati nasibu.

Mbao niliipata barabarani. Huku kuna siku ambapo halmashauri huruhusu watu watoe nje vitu wasivyovitaka, basi mtaa mzima hujaa magodoro, mashine za kufulia na viti vya miguu mitatu. Watu wetu huzunguka na magari wakiokota, na asikudanganye mtu kwamba ni aibu. Nusu ya vitanda vya Wakongo wa Merrylands vimetoka hapo. Mimi niliokota mguu wa meza, mti mwekundu wa hapa, mgumu kama roho ya mwenye nyumba. Nilikuwa na msumeno, tupa, patasi butu, msasa na drili ya kuazima. Kazi niliifanyia kibarazani nyuma ya nyumba. Bastola ilibaki kwenye kasha. Nilichotoa ni ule mpini wa zamani tu, niufuate kwa kuugeuza.

Mzee alikuwa ameniambia kwamba kabla ya kuchonga nipate umbo la kiganja changu. Nifinye kitu laini, kikauke, kisha nichonge kwa kukipima. Alisema udongo wa kuchezea wa watoto ungefaa. Udongo huo sikuwa nao. Nilichokuwa nacho, kama mwanamke yeyote wa kwetu, ni unga.

Nilisonga ugali mgumu, wa mahindi na muhogo, kama tunavyoupenda sisi. Nikauacha upoe kidogo, nikachukua donge, nikalifinya kwa mkono wa kushoto kama ninavyoishika bastola. Vidole vilizama vizuri. Gumba likapata mahali pake. Nilifurahi kwa ubunifu wangu. Binti yangu alikuwa pale mezani akicheka, akachukua donge lake na yeye, akalifinya kwa kushoto.

Mama akaingia.

"Weye unafinya bugali na kushoto?"

"Ni kipimo, mama. Sili."

"Bugali hailiwake na mukono ya kushoto."

"Nimesema sili. Napima mpini."

"Mbele ya mutoto," akasema, na hapo sauti yake ikabadilika. Alimnyang'anya mtoto lile donge, akalowesha kitambaa, akamfuta kiganja cha kushoto, akasugua mpaka katikati ya vidole, kama kilichoshika kinyesi. Mtoto akaacha kucheka. Nilimchukua nikamtoa nje. Sikugombana naye, kwa sababu kesho yake nilikuwa na zamu ya alfajiri, na mtoto angebaki naye.

Donge langu nililiweka dirishani likauke. Likakauka. Nilichonga kwa kulifuata, jioni baada ya jioni nikirudi kutoka kwa wazee, nikipima mfereji baada ya mfereji kwa uzi. Mti ulikuwa mgumu, patasi ikakataa, tupa ikala ngozi ya vidole vyangu kuliko ilivyokula mbao. Ulipokamilika niliushika. Ukagoma. Vidole vyangu vilibanana, na gumba halikupata pa kukaa. Ulikuwa mpini mzuri kabisa, wa mtu mdogo kuliko mimi. Ndipo nilipoligeukia lile donge la ugali kwa akili, nikaona limesinyaa na kupasuka kama kisigino cha mzee. Kila kitu kilikuwa kimepungua, na mimi nilikuwa nimepima kupungua huko kwa uaminifu mkubwa. Fundi wa Ulaya hawezi kukosea kosa hili, kwa kuwa nyumbani kwake hakuna ugali.

Nilipomsimulia mzee wa klabuni alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza njia nyingine: nichonge mifereji mipana kuliko inavyotakiwa, nijaze gundi nzito ile ya kuzibia mbao, nifunge kiganja kwa nailoni ya kufunikia chakula, nishike, nisitikisike mpaka gundi ianze kushika. Nilifanya hivyo. Nilisimama kibarazani mkono mbele, kiganja kimefungwa nailoni, kama mtu anayetaka kumpa mkono mgeni asiyefika. Gundi ilipokauka, umbo la kiganja changu lilikuwa pale, pamoja na kovu dogo chini ya kidole cha shahada.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kupunguza. Niliufunga mpini kwenye bastola tupu, nikasimama chumbani mbele ya ukuta, nikafumba macho, nikanyanyua mkono, nikafumbua. Kama sehemu ya mbele ya kulengea ilikuwa imeegemea upande, mpini ulikuwa unanisukuma, basi nafungua, nautia msasa mahali hapo, narudia. Ni kazi ya kuchosha. Pia ni mara yangu ya kwanza maishani kukuta kitu kinachobadilishwa ili kiufuate mkono wangu, badala ya mkono wangu kubadilishwa.

Jioni moja mama alitoka kibarazani akanikuta nasugua. Alisimama akiangalia, akashindwa kuvumilia.

"Unasugua ovyo. Fuata nyuzi za muti."

Baba yake alikuwa fundi wa vitanda. Alivuta kiti, akanipokonya msasa na mpini, akaanza kusugua yeye, taratibu, akipuliza vumbi na kupitisha kidole. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama nyuma ya maghorofa, bila kusema jambo lolote baya, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa muda mrefu. Alipomaliza akaujaribu kwa mkono wa kulia.

"Inakataa," akasema.

Akauhamishia kushoto. Ukaingia. Viganja vyetu vinafanana, sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Aliushika, akaukaza, akaulegeza, akaukaza tena.

"Ni muzuri," akasema, akanirudishia, akaingia ndani kupika.

Nilijiona nimeshinda. Niliimba peke yangu pale kibarazani, mjinga mimi.

Mashindano yalikuwa madogo, ya vilabu vya jirani, Jumamosi asubuhi. Nilimwacha mtoto na mama kama kila Jumamosi. Nililenga kwa kushoto, kwa mpini wa mguu wa meza, na mkono ulinitii. Nilitoka wa pili kwa upande wa wanawake. Wakanipa medali nyepesi ya utepe wa buluu, na mzee mkufunzi akamwonyesha kila mtu mpini wangu kana kwamba ameuzaa yeye. Nilirudi nyumbani nikamvisha mama ile medali shingoni. Akapiga vigelegele mpaka jirani akafungua dirisha.

Kesho yake aliivaa kanisani.

Kanisa letu limepanga ghala huko Seven Hills, katikati ya gereji na maduka ya vigae. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama alisimama. Nilidhani anamshukuru Mungu kwa safari ya mwenzake fulani aliyefika wiki ile. Akainua medali juu.

"Huyu mutoto wangu ameshinda Wazungu," akasema. "Na munajua sababu? Alizaliwa na mukono ya kushoto tu. Mi njo nilimufunza ya kuume akiwa mudogo. Mi njo nilimupatia mikono mbili. Wao wanatumikisha moja, yeye iko na mbili."

Watu wakasema amina. Mama mmoja nyuma akasema ndiyo maana wazazi wa zamani hawakuwa wajinga. Mchungaji akaniomba nisimame nami niseme neno. Nilisimama. Nilimwona mama akinitazama kwa furaha ya kweli kabisa, furaha isiyokuwa na hila ndani yake, na nikajua kwamba hadithi ile ndiyo aliyoiamini. Neno nililokuwa nimelingoja kwake tangu utotoni halingekuja kamwe, kwa sababu yeye hakuwa na kosa la kuungama. Alikuwa na zawadi ya kudai. Nikasema amina, nikaketi.

Baada ya ibada kulikuwa na chakula. Binti yangu alikaa na watoto wenzake kwenye mkeka, sahani ya wali na maharage mapajani. Nilimtazama akila. Alikula kwa mkono wa kulia. Kijiko kilikwenda na kurudi vizuri, bila kumwaga, na bibi mmoja aliyekaa karibu akasema huyu mtoto amefundwa. Sahani yangu nikaiweka chini.

Nilimngoja mpaka jioni, nikimwogesha. Huyu mtoto Kiswahili anakielewa chote, lakini majibu yake ni ya Kiingereza. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, huku nikimsugua mgongo, nani amemfundisha kula vizuri hivyo kwa mkono wa kulia.

"Koko," akasema. Ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Anakufundishaje?"

"She puts the sock on." Akanyoosha mkono wa kushoto uliojaa povu, akauonyesha mpaka kwenye kiwiko. Soksi. "And then she sings."

"Lini, mwanangu?"

"Saturday. When you go shooting."

Nilikaa kwenye sakafu yenye maji. Kila Jumamosi niliyoondoka kwenda kuufungua mkono wangu, mama alikuwa jikoni akiufunga wa mwanangu. Jumamosi ya kwanza niliyolenga kwa kushoto. Jumamosi mzee alipoucheka ugali wangu. Jumamosi ya medali. Siku nyingine mama humpeleka na kumrudisha chekechea tu, na jioni nyingi ninakuwepo. Jumamosi ndiyo niliyompa mama, nikaifurahia, nikaiita siku yangu.

Nilimkuta jikoni akichambua mboga. Hakukana. Mama hajawahi kukana jambo maishani mwake.

"Mama, nilikuambia usimfunge."

"Na mi nilisikia."

"Sasa?"

"Sikumufunga. Nimemuvalisha soksi." Akaweka kisu chini, akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto mzito. "Mi nilizaliwa kama weye. Hukujua? Mama yangu alinifunga na kamba ya mugomba, ilikuwa inakata. Mi nikasema, mutoto wangu sitamufunga na kamba, nikakufunga na kitenge. Huyu ni soksi tu, na ni mupya. Sasa unalalamika nini?"

Niliukumbuka mkono wake kibarazani, ukiukaza ule mpini na kuulegeza. Huruma ilinijia, nakiri, na ilinichukiza, kwa sababu huruma ingenifanya ninyamaze tena. Basi sikunyamaza. Nilisema yote, kuanzia vikombe mpaka ushuhuda wa asubuhi ile. Nilipaza sauti mbele ya mama yangu kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipungukiwa nini?" akauliza tu. "Una kazi. Una gari. Una medali. Nionyeshe mahali ulipungukiwa."

Na kweli, hapakuwa na mahali pa kuonyesha kwa kidole.

Soksi aliiacha. Hilo nalisema kwa haki yake: nilipomwambia kwamba akirudia nitamhamisha yeye mwenyewe aende kwa dada yangu Brisbane, aliiacha, na hajairudia. Na mimi niliiacha Jumamosi. Sikuweza kusimama pale klabuni, mkono mbele, jicho kwenye karatasi, nikijiuliza ni wimbo gani unaimbwa Merrylands. Bastola niliiuza kwa utaratibu uleule nilioinunulia. Aliyeinunua alitaka mpini wa awali. Ule wangu hakuutaka, kwa kuwa haumfai mtu mwingine yeyote duniani, isipokuwa mmoja, naye hakuuomba. Mzee mkufunzi alinipigia simu mara kadhaa. Nilimwambia zamu zimebadilika. Ningemweleza nini, kwamba nimeshindwa na soksi?

Sasa Jumamosi nakaa nyumbani na binti yangu. Tunachora. Mama huwa chumbani kwake na simu yake, akisikiliza mahubiri, hatuingilii. Wiki iliyopita mtoto alikuwa anachora nyumba, kwa mkono wa kulia, na mistari ilikuwa inatetemeka, ukuta unaanguka huku, paa linaelea kule. Aliudhika na ukuta ule. Nilichukua kalamu ya rangi mkononi mwake polepole, nikaiweka katika mkono wa kushoto, nikamfunga vidole juu yake, nikamwambia ajaribu hivyo, hapa hakuna mtu wa kumkataza, mimi mama yake nimesema.

Alinitazama kwanza, akaangalia mlango wa chumba cha bibi yake. Kisha akaihamishia kalamu kulia, akauingiza ule mkono wa kushoto chini ya paja lake, akaukalia, akaendelea kuchora.